Taa ya Dashibodi Inapowaka: Shauri kwa Waendesha Gari wa Njia Panda ya Lamadi

Mji wa Lamadi, katika wilaya ya Busega mkoani Simiyu, umekaa mahali ambapo barabara kuu itokayo Mwanza kwenda Musoma hadi mpaka wa Sirari hupokea barabara ya lami itokayo Bariadi. Upande mmoja una Ghuba ya Speke ya Ziwa Viktoria, na mwendo mfupi mbele, kwa aelekeaye Bunda, lipo Lango la Ndabaka liingialo katika Hifadhi ya Serengeti. Probox na Noah zilizosheheni abiria, malori ya pamba yashukayo kutoka Bariadi wakati wa msimu, magari ya dagaa na sangara, na Land Cruiser za watalii, yote hupita au hutua hapa. Na kila dereva aliyemo, awe stadi wa miaka mingi au mwanafunzi wa jana, siku moja atatupa macho juu ya dashibodi yake na kuona taa ambayo haikuwapo alipoondoka. Hapo humlazimu kujibu upesi swali moja zito: nisimame, au niendelee? Mwanza iko mbali kwa zaidi ya kilomita 100, Bariadi kwa kilomita zipatazo 70, na njia ya kwenda Bunda hupakana na hifadhi, ambako wanyama wa mwitu huvuka lami kwa wakati wautakao wao, na mtu hashuki kufungua boneti pasipo hadhari.

Nimeona mali nyingi ya watu wa kadiri ikipotea kwa sababu ya taa hizi, na kwa insafu yote lazima niseme kwamba hasara hiyo huja kwa njia mbili zilizo kinyume. Wapo waionao taa, wakaipuuza mpaka injini ikanoki. Na wapo waionao, wakaingiwa na hofu, wakampa fundi wa kwanza fedha ya kununua spea tatu ambazo gari halikuzihitaji. Wahenga walisema ikilia mbiu ya mgambo kuna jambo, na taa ya dashibodi ni mbiu ya namna hiyo: hutangaza kwamba jambo lipo, na pengine hutaja mtaa lilikotokea, lakini haimtaji mkosaji. Kumtafuta mkosaji ni kazi ya kupima, na kupima kuna utaratibu wake, ambao mwenye gari asiye fundi anaweza kuufahamu vya kutosha kujikinga na hasara zote mbili.

Kabla ya yote yatazame maumbile ya taa zenyewe. Rangi zake hazikuchaguliwa ovyo. Nyekundu ni amri: simama mara upatapo mahali salama. Ya manjano ni onyo: punguza mwendo, fika, kisha ushughulikie bila ajizi. Kijani na buluu ni habari tu. Tena fahamu kwamba ufunguo ukizungushwa hata swichi ikawaka, injini ikiwa bado haijawashwa, taa zote za hatari hujitokeza pamoja kwa makusudi, ili zikuonyeshe kuwa ziko hai, nazo huzimika sekunde chache baada ya injini kunguruma. Taa ambayo haitokei kabisa wakati huo inastahili shaka kuliko ile iliyowaka. Anunuaye gari la mkononi kwa mtu, iwe Lamadi, Bariadi au Mwanza, na afanye jaribio hili kabla hajauliza bei: kama taa ya injini au ya mikoba ya hewa haionekani swichi inapowaka, aghalabu mtu ameichomoa, ameifunika kwa gundi, au amekata waya wake, na aliyefanya hivyo alikuwa na jambo la kuficha.

Katika taa nyekundu, ya kuogopwa kupita zote ni ile ya oili, yenye sura ya kibirika kidondoshacho tone. Watu wengi hudhani yasema oili imepungua, kwa hiyo humwagia lita moja, wakaendelea na safari ilhali taa ingali inawaka. Taa hiyo haipimi wingi wa oili. Hupima msukumo wake. Ndani ya injini mna pampu inyonyayo oili kutoka chini na kuisukuma kati ya chuma na chuma, hata krenkshafti ikawa inazunguka juu ya utando mwembamba wa oili pasipo kugusana na beringi zake. Na utando ule ukikosekana kwa muda mfupi tu wakati injini iko katika mwendo, beringi huungua, na injini iliyokuwa nzima inapoondoka Magu hufika Lamadi ikigonga. Kwa hiyo taa hii haina mjadala. Toka barabarani, zima injini, wala usijidanganye kwamba utakiwahi kituo kilichobaki kilomita mbili.

Gari likisimama mahali tambarare, subiri kama dakika kumi ili oili ishuke. Chomoa stiki yake, ifute kwa kitambaa, irudishe mpaka mwisho, uichomoe tena, na usome kati ya alama mbili. Oili ikiwa chini ya alama ya chini, ongeza kidogo kidogo, kisha washa na utazame: taa haina budi kuzimika katika sekunde chache, na isipozimika, zima. Oili ikiwa kamili na taa ingali inawaka, usiwashe tena. Huenda pampu imechoka, huenda chujio la chini limezibwa na matope ya oili kuukuu, na huenda pia ikawa ni swichi ndogo ya msukumo iliyokufa, ambayo ni spea ya bei nafuu. Lakini njia ya yakini ya kutambua ni moja, nayo ni kuifungua swichi hiyo, kufunga mahali pake geji ya kupimia msukumo, na kuusoma msukumo kwa macho. Fundi akikuambia kwa kukisia tu, “Hiyo ni swichi, endesha hivyo hivyo,” mwulize kama atakupa dhamana ya injini. Iko pia namna nyingine ya taa hii ambayo madereva huidharau: huwaka kwenye kona kali au wakati wa kufunga breki, kisha ikazimika. Hiyo ndiyo oili iliyopungua, inayokimbilia upande mmoja na kuiacha pampu ikinyonya hewa. Ni rehema kuonywa mapema namna ile.

Ya pili ni taa ya joto, na hapa mahali petu pana sababu zake mahsusi. Ziwa Viktoria liko juu ya usawa wa bahari kwa mita zipatazo 1,134, na katika kimo hicho maji yaliyo wazi huchemka yakifika kama nyuzi 96, wala hayangoji 100 kama huko Tanga au Unguja. Kinachoyazuia maji ya rejeta yasichemke mapema ni mfuniko wake, ambao huyabana kwa msukumo; mfuniko uliolegea mpira, jambo dogo la fedha kidogo, waweza kulichemsha gari zima. Zaidi ya hayo, wako madereva wajazao rejeta kwa maji ya ziwani au ya kisimani, safari baada ya safari, wakiona kulanti ni anasa. Chumvi na matope ya maji yale huganda ndani ya vijia vyembamba vya rejeta, kutu ikala bomba na wota pampu, na baada ya misimu miwili gari ambalo halikuwa na kosa huanza kuchemsha kila lipandapo kilima. Kulanti iliyochanganywa na maji safi kwa kadiri iliyoandikwa kwenye dumu lake huongeza kiwango cha kuchemka na huzuia kutu. Anayeiita anasa na alinganishe bei yake na bei ya kupasua silinda hedi na kubadili gasketi.

Taa ya joto ikiwaka nyekundu, au mshale ukipanda kuelekea alama nyekundu, zima kiyoyozi, fungua hita mpaka mwisho hata kama jua ni kali, maana hita huchota joto la injini na kulitoa ndani ya gari, kisha tafuta pa kusimama. Ukisimama, zima. Usifungue mfuniko wa rejeta kwa namna yoyote injini ikiwa moto; maji yaliyobanwa hurukia usoni yakiwa mvuke, na makovu ya mvuke huo yanajulikana katika kila gereji. Subiri nusu saa au zaidi, mpaka bomba la juu liweze kushikwa kwa mkono, ndipo ufungue kwa kitambaa, taratibu, na uongeze maji kidogo kidogo injini ikiwa imepoa, kwani maji baridi yakimwagika ghafula katika chuma chenye joto kali huweza kukipasua. Kisha tazama: je, feni huzunguka injini inapopata moto? Je, mkanda upo mahali pake? Je, chini kuna tone? Haya matatu hueleza sehemu kubwa ya magari yachemshayo.

Magari madogo kama Vitz na Passo aghalabu hayana mshale wa joto. Yana taa ya buluu iwakayo asubuhi injini ikiwa baridi, na nyekundu iwakayo injini ikizidi moto. Wengi hawaijali ile ya buluu, nami nawasihi waijali. Ikiwa gari limekwenda kutoka Lamadi mpaka karibu na Nassa na buluu ingali inawaka, basi injini haipati joto linalostahili, na mara nyingi ni kwa sababu fundi fulani alikwisha kuitoa themostati, akidai kuwa ni kifaa cha nchi za baridi. Dai hilo si la kweli. Themostati ndiyo iyawekayo maji katika joto ambalo injini ilikusudiwa kufanyia kazi. Ikiondolewa, kompyuta hudhani daima ni alfajiri, humwaga petroli kupita haja, oili huchafuka upesi, na mwenye gari hulipia ujinga huo kila anapojaza tangi, pasipo kujua sababu.

Taa ya betri haisemi habari za betri, bali za chaji. Betri nzuri iliyopumzika husoma volti 12.6 hivi, na injini ikinguruma, alteneta ikifanya kazi, geji husoma kati ya 13.5 na 14.5; ikisoma 12 na kuendelea kushuka, gari linakula akiba. Mchana mtu anaweza kuendelea kwa muda, akizima redio, kiyoyozi na taa, akafika kituo cha karibu. Usiku, taa kubwa zikiwaka, akiba hiyo huisha upesi na gari huzimika gizani. Walakini iko sababu moja ya kusimama kwanza na kutazama. Katika injini ya 1NZ, ambayo imo katika Probox na IST nyingi za barabara yetu, mkanda ule ule uzungushao alteneta ndio uzungushao wota pampu. Mkanda ukikatika, taa ya betri hutangulia na joto hufuata nyuma yake, na dereva aliyejisemea kwamba betri si jambo kubwa huchemsha injini ndani ya kilomita chache.

Taa nyekundu ya breki nitaipita kwa ufupi, maana hukumu yake ni nyepesi. Tazama kwanza kama handibreki imeshuka yote. Kisha tazama kichupa cha mafuta ya breki. Mafuta yakipungua, ama yanavuja, ama pedi zimekwisha hata pistoni zikatoka nje zaidi na kuyavuta. Na anayejaza kichupa ili taa izimike, bila kutazama pedi, ameizima sauti akaiacha hatari. Kanyagio likizama kuliko kawaida, usiende popote. Taa ya ABS ya manjano ikiwaka peke yake, breki za kawaida zingalipo, ila matairi yaweza kujifunga ukikanyaga kwa nguvu. Na wapitao njia za ndani za Simiyu wakati wa masika wajue kwamba tope jeusi la mbuga, linatalo na kukauka kama saruji, hujaa katika meno ya kipimio cha mzunguko wa gurudumu na kuiwasha taa hiyo. Osha kwanza kabla ya kununua sensa. Ama taa ya mikoba ya hewa, isiguswe na fundi wa kubahatisha, asiingize hata kipima umeme katika nyaya zake za manjano, kwa sababu mkoba hufumuka kwa baruti na unaweza kumwumiza aliye mbele yake.

Sasa nije kwa ile taa ambayo huleta mashauri mengi kuliko zote, taa ya manjano yenye umbo la injini, ambayo kila mtu huiita cheki injini. Asili yake ni moshi. Jimbo la California nchini Marekani, ambalo miji yake ilitaabishwa sana na hewa chafu ya magari, liliamuru kwamba magari mapya ya kuanzia mwaka 1988 yawe na kompyuta ijichunguzayo na taa ya kumwonya dereva. Mwaka 1996 utaratibu mmoja wenye namba za aina moja na soketi ya aina moja ukawa sheria kwa magari madogo yote yanayouzwa Marekani, na Ulaya ikafuata kwa magari ya petroli mwaka 2001. Nataja tarehe hizi kwa muradi maalumu: taa hii iliundwa kuilinda hewa, na ndiyo sababu yaweza kuwaka gari likienda vizuri kabisa, na pengine isiwake gari likiwa na ugonjwa usiohusiana na moshi.

Kompyuta ikiona jambo lisilopatana, huhifadhi namba. Katika Toyota za zamani, fundi aliunganisha kwa kiwaya kifupi matundu mawili ya kisanduku kilicho chini ya boneti, yaliyoandikwa TE1 na E1, akawasha swichi, akahesabu jinsi taa inavyopepesa: mipepeso ya tarakimu ya kwanza, kituo, kisha ya tarakimu ya pili. Gari likiwa la utaratibu mpya, soketi yenye matundu 16 iko chini ya usukani, na mashine huchomekwa hapo. Siku hizi vipo hata vifaa vidogo vinavyosoma namba kwa simu, ingawa magari mengi yaliyotengenezwa kwa soko la Japani hayajibu kila kifaa, na vile vya bei ndogo husoma habari za injini tu, wala havifiki kwenye ABS wala mikoba ya hewa.

Namba yenyewe huanza kwa herufi. P ni ya injini na gia, C ni ya breki na vitu vya chini, B ni ya bodi, U ni ya mawasiliano kati ya kompyuta na kompyuta. Na hapa ndipo mali za watu zinapopotelea. Tuseme mashine imesoma P0171. Maana yake ni kwamba hewa imekuwa nyingi mno kwa petroli iliyopo. Aliyeileta habari hiyo ni sensa ya oksijeni iliyo katika bomba la moshi, na fundi mwenye haraka huitazama namba, hukumbuka sensa, husema sensa imekufa. Mwenye gari hutuma fedha Mwanza, sensa huletwa, taa huzimwa, na baada ya siku mbili huwaka tena, kwa sababu sensa ilikuwa shahidi mkweli aliyeadhibiwa kwa ushahidi wake. Hewa ya ziada yaweza kuwa inaingia kwa ufa wa bomba la mpira lililo kati ya ea klina na throto, ambalo joto na vumbi vimelikausha. Au kipimio cha hewa kimefunikwa na vumbi, kikawa kinahesabu pungufu. Au pampu ya petroli imechoka. Au chujio lake limeziba. Au bomba la moshi limetoboka mbele ya sensa, ikawa inanusa hewa ya nje.

Namna ya kuyapambanua haya haihitaji kununua kitu. Mashine nzuri huonyesha asilimia ya petroli ambayo kompyuta inaiongeza au kuipunguza ili kusawazisha mchanganyiko. Ikiwa ndani ya kumi hivi, juu au chini, hakuna neno. Fundi na aisome gari likiwa limesimama linanguruma taratibu, kisha airesi injini mpaka mizunguko 2,500 kwa dakika na kuisoma tena. Nyongeza ikiwa kubwa wakati wa utulivu na kupungua injini ikiresiwa, hewa inapenya mahali fulani baada ya kipimio, kwa kuwa ufa ule ule ni mkubwa kwa injini inywayo hewa kidogo na si kitu kwa injini inywayo nyingi. Nyongeza ikizidi kadiri injini inavyoresiwa, shuku petroli isiyofika au kipimio cha hewa kilicho kichafu. Dakika tano za kusoma namna hii zina thamani kuliko sensa tatu mpya, nami natamani kila fundi wa barabara ya Mwanza na Musoma awe nazo.

Vivyo hivyo P0301 husema silinda ya kwanza inamisi, na P0302 ya pili, na kuendelea. Katika injini ambayo kila plagi ina koili yake, fundi hana haja ya kukisia: aichukue koili ya silinda ya kwanza aitie katika ya pili, na ya pili aitie katika ya kwanza, afute namba, gari liende kidogo, kisha asome. Namba ikihamia P0302, koili imejihukumu yenyewe. Ikibaki P0301, koili haina hatia. Afanye vivyo hivyo kwa plagi, kisha atazame nozo, na mwisho apime kompresheni. Sijui jaribio jingine lenye haki kuliko hili, wala halina gharama. Na taa ya cheki injini ikianza kupepesa badala ya kuwaka imara, huo ndio wakati wake wa ukali: petroli isiyoungua inamwagika katika bomba la moshi na kuyateketeza masega. Ondoa mguu kwenye mafuta, tafuta pa kusimama.

Masega hayo yana kisa chake cha huzuni. Ni kile kifaa cha katika bomba la moshi chenye vijitundu vingi, kilichopakwa madini ya platini, paladi na rodi, ambacho hubadili gesi za sumu kuwa zisizo na madhara makubwa. Kwa kuwa madini hayo yana thamani, pamezuka wanunuzi, na kwa kuwa pana wanunuzi, pamezuka mafundi wawaambiao wenye magari kwamba masega hulizuia gari pumzi na kulifanya lile mafuta. Masega yaliyoziba ndiyo hufanya hivyo. Masega mazima hayafanyi. Yakitolewa, sensa ya pili iliyo nyuma yake huona moshi ule ule uliotoka injini, namba P0420 huandikwa, na taa huwaka pasipo kuzimika. Na tangu siku hiyo mwenye gari hana tena mwonyaji, kwa sababu taa iwakayo daima haiwezi kuwaka tena kwa sababu mpya. Aliyeuza masega yake ameuza na masikio yake. Tena moshi wa gari lake huvutwa na watoto wa stendi na akina mama wauzao samaki kandokando ya lami.

Neno juu ya petroli. Mwaka 2010 mamlaka ya udhibiti wa nishati, EWURA, ilianza kusimamia utiaji wa vinasaba katika mafuta ili kuyatambua yaliyochakachuliwa, na ulinzi huo huishia kwenye pampu ya kituo. Petroli ya chupa, inayouzwa kando ya njia kwa waliokwama, haina mdhamini. Ikichanganywa na mafuta ya taa, injini humisi, hugonga, na taa huwaka, na hapo hakuna spea itakayoponya ila tangi safi. Taa ikiwaka saa chache baada ya kujaza mafuta mahali usipopajua, mwambie fundi habari hiyo kabla hajafungua boneti. Kwa jumla, mweleze yote: iliwaka lini, gari likiwa baridi au moto, likipanda au likishuka, kabla au baada ya kuoshwa injini, na nani alilishika mara ya mwisho.

Na usikubali mtu achomoe kichwa cha betri ili taa izimike kabla namba haijaandikwa. Tendo hilo hufuta namba, na pamoja nayo hufuta ile kumbukumbu ambayo kompyuta huiweka ya hali ya gari dakika kosa lilipotokea, yaani mwendo, joto na mizunguko ya injini, ushahidi ambao hauwezi kurudishwa.

Kiini cha maradhi haya ya kukisia, kwa maoni yangu, hakiko katika magari wala katika akili za mafundi, kwani wengi wao, wawe waliosoma VETA au waliofunzwa chini ya mwembe na mafundi waliowatangulia, wana vipaji vya kustaajabisha. Kiko katika malipo. Sisi wenye magari hukubali kumlipa fundi kwa kufunga spea, tukakataa kumlipa kwa kupima. Akitumia saa nzima kutafuta ufa wa bomba la mpira na kuuziba kwa vitu vya shilingi chache, twamwambia hakufanya kazi. Akibadili sensa ya thamani kwa robo saa pasipo kupima, twamwita bingwa. Basi tumemfundisha wenyewe kukisia, naye amejifunza vema.

Kwa hiyo nawaomba wenye magari wa Lamadi, Bariadi na njia zote zikutanazo hapo, wafike gereji na maneno haya: Fundi, shikamoo na pole kwa kazi, nitakulipa ada yako ya kupima, hata kama hakuna spea itakayonunuliwa, niandikie namba katika karatasi, unieleze umejaribu nini na umeona nini, ndipo tupatane juu ya spea. Karatasi hiyo ikae ndani ya gari pamoja na tarehe na kilomita zilizosomwa siku hiyo, na atakayelinunua gari apewe. Nanyi mafundi, iwekeni ada hiyo wazi ukutani, na msione haya kuidai.